Kigeuzi cha sauti cha bei kubwa: unalipia nini hasa?

Muziki uliohifadhiwa kwenye simu, kompyuta au diski ni tarakimu tupu. Spika haisomi tarakimu, inasukumwa na umeme unaopanda na kushuka. Kazi ya kuzigeuza tarakimu ziwe umeme huo ni ya kigeuzi, ambacho wapenzi wa muziki wamezoea kukiita DAC. Simu unayo mfukoni inacho, na televisheni inacho. Vile vinavyouzwa peke yake kwa matumizi ya nyumbani hutofautiana bei hata mara mia, na sababu ambazo watu hujipa mara nyingi si za kweli. Hilo linaniuma, maana fedha iliyopotelea hapo ingeweza kununua spika nzuri.

Dhana: Ghali maana yake chipu bora.

Chipu ni sehemu ndogo ya gharama. Kampuni zinazozitengeneza ni chache: ESS, AKM, Texas Instruments, Cirrus Logic na nyingine kidogo. Kwa hiyo chipu ileile unaweza kuikuta ndani ya kigeuzi cha bei ya chini na ndani ya kingine kizito chenye sanduku la alumini iliyochongwa. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM kilichoko Nobeoka, Japani, kiliungua. Chipu zikaadimika, na watengenezaji kadhaa wakalazimika kusanifu upya saketi zao ili zipokee chipu za ESS. Majina ya vifaa yaliendelea dukani, moyo wa ndani ukiwa umebadilishwa.

Fedha nyingi huenda kwingine: sanduku, transfoma na saketi za kusafisha umeme, kioo cha mbele, rimoti, soketi za kila aina, faida ya muuzaji, na zaidi ya yote uchache wa vifaa vinavyotengenezwa. Mhandisi aliyefanya kazi miaka miwili lazima alipwe. Ujira wake ukigawanywa kwa vifaa laki moja hauonekani, ukigawanywa kwa mia tano unaumiza.

Wapo wasionunua chipu ya kawaida kabisa. Chord Electronics ya Uingereza huandika hesabu zake yenyewe ndani ya chipu tupu zinazoweza kuprogramiwa. Wengine hujenga ngazi ya rizista, yaani vijisehemu vinavyozuia umeme kwa kiasi maalumu, moja moja. Hapa gharama ina sababu inayoeleweka. Biti ni tarakimu moja, 0 au 1; biti 16 zina hatua 65,536 za ukubwa wa sauti, na rizista inayobeba biti kubwa kuliko zote ikikosea sehemu moja tu kati ya elfu, kosa lake linameza hatua ndogo kwa makumi. Ndiyo maana rizista hizo hupimwa na kuchaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini chipu ya kawaida, kwa njia tofauti kabisa, hufikia usahihi uleule au kuupita kwa gharama ndogo sana.

Dhana: Biti 32 na kilohezi 768 (vipimo 768,000 vya sauti kwa sekunde) lazima zisikike vizuri kuliko CD.

CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilikuja na biti 16 na sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, 44,100 kwa sekunde. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya kelele ya chini na sauti ya juu, kwa hiyo biti 16 ni kama desibeli 96. Sampuli nazo zinatosha kubeba kila mtetemo ulio chini ya nusu ya idadi yake, yaani hadi kilohezi 22 hivi (mitetemo 22,000 kwa sekunde). Sikio la kijana huishia karibu na 20, na umri huzidi kulipunguza. Biti 24 kwa hesabu zinatoa desibeli 144, ila joto lenyewe ndani ya rizista huzaa kelele, hivyo vigeuzi bora kabisa huishia kwenye biti 20 au 21 za kweli. Biti 32 iliyoandikwa kwenye boksi ni ukubwa wa namba ambazo kifaa kinapokea, si ubora wa kinachotoka.

Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio ambalo sauti ya ubora wa juu ilishushwa hadi kiwango cha CD, au iliachwa kama ilivyo, na wasikilizaji wakatakiwa kuzitofautisha. Katika majaribio 554 wasikilizaji walipatia 276, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 mtafiti Joshua Reiss alikusanya tafiti 18 na kukuta watu wanapatia asilimia 52.3. Tofauti ipo, basi, lakini ni ndogo mno kuwa sababu ya kulipa mara kumi.

Dhana: Sauti ya dijitali ina ngazi-ngazi, na kifaa ghali huzilainisha.

Kila kigeuzi cha kawaida, hata kile kidogo cha kuchomeka kwenye simu, kina kichujio kinachorudisha wimbi laini. Vinavyoacha ngazi ni vile vilivyoondolewa kichujio hicho kwa makusudi, na baadhi yake ni ghali. Kwa sauti ya CD, vigeuzi hivyo hupoteza desibeli 3 hivi kwenye kilohezi 20.

Dhana: Nimevilinganisha kwa masikio yangu, cha ghali kimeshinda.

Nami niliwahi kusema hivyo. Nilihamisha waya kutoka kigeuzi kimoja hadi kingine, nikasikia besi nzito na waimbaji wakiwa karibu zaidi. Baadaye nilipima kwa voltimita: cha pili kilikuwa kinatoa volti nyingi zaidi. Soketi za kawaida za RCA hutoa takriban volti 2, na zile za XLR mara nyingi 4, ambayo ni desibeli 6 za ziada. Sikio halituambii "hii imeongezeka", linatuambia "hii ni nzuri". Nilipozisawazisha, na mwenzangu akawa anabadilisha bila mimi kuona, sikuweza tena kuzitenganisha. Mlingano unaofaa ni ndani ya desibeli 0.1, na sikio peke yake haliwezi kuupanga.

Dhana: Basi vyote ni sawa, na ghali ni wizi.

Hapana, na hili nalisisitiza. Kigeuzi kibovu kinachoendesha hedifoni huweza kuwa na ukinzani mkubwa kwenye soketi yake. Ukinzani huo ukizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni, besi huweza kubadilika hadi ukasikia. Kingine hakina mtambo wa kutenganisha umeme wake na wa kompyuta, hivyo spika zinavuma na kukwaruza kila unaposogeza mausi. Kingine programu yake haisasishwi tena. Kulipia zaidi ili uepuke mambo hayo ni fedha iliyotumika vizuri, sawa na kulipia soketi ya HDMI ya kuunganisha televisheni, uwezo wa kurekebisha sauti kulingana na chumba, au fundi atakayepata vipuri miaka kumi ijayo.

Na kama tatizo lako ni huo mvumo tu, jaribu kwanza kuunganisha kwa kebo ya mwanga, ikiwa vifaa vyote viwili vina soketi yake. Mwanga haupitishi umeme, kwa hiyo mvumo unaotoka kwenye kompyuta hauwezi kupita kwenye kebo hiyo kufika kwenye spika.