"Mimi nasali, sina mawazo": dhana zinazotuletea wagonjwa waliochelewa

Msimu wa korosho unapoelekea ukingoni, kliniki ya presha hapa Mtwara hujaa. Huyu bei ya mnada imemwangusha, yule ugonjwa wa ubwiri unga uliwahi mikorosho yake kabla hajapata dawa ya salfa, mwingine ana ada za Januari na madeni ya duka. Namba kwenye kipimo ziko juu. Nikiuliza usingizi ukoje, mtu anatazama chini. Nikiuliza kama ana mawazo, jibu linakuja upesi: "Hapana daktari, mimi nasali."

Jibu hilo nimelisikia kupita kiasi. Ndani yake kuna imani kwamba mwenye dini ya kweli hapati msongo, na kwamba anayehuzunika muda mrefu amepungukiwa na Mungu. Dhana hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana inawaumiza watu mara mbili. Kwanza shida yenyewe, kisha aibu ya kudhani kwamba wanamkosea Mungu kwa kuumia.

Vitabu vyetu vyenyewe vinaikataa. Surat Yusuf, aya ya 84, inasimulia jinsi Nabii Yaakub alivyohuzunika kwa kumpoteza mwanawe mpaka macho yakawa meupe. Nani atathubutu kusema alikosa imani? Mwaka ambao Mtume Muhammad alifiwa na Bi Khadija na Abu Talib, historia ya Kiislamu inauita Mwaka wa Huzuni. Na Wakristo wasome Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Eliya, aliyetoka kushinda pale Karmeli, anakimbilia jangwani, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, malaika akamwamsha ale mkate na anywe maji, akalala tena, akaamshwa tena ale, kisha akatembea siku 40 hadi Horebu. Usingizi, chakula, maji, mwendo. Mimi kila siku naandika haya haya kwenye kadi za wagonjwa, na wengi wanaona nimewanyima dawa.

Msongo si dhambi, ni mwili unaofanya kazi yake. Ukipata tishio, homoni za adrenalini na kotisoli hupanda, moyo huenda mbio, presha hupanda, sukari humiminwa kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Tishio likiwa ni fisi, unakimbia na mambo yanaisha. Tishio likiwa ni deni, mwili unabaki umejiandaa wiki nzima huku wewe umekaa barazani. Ndipo unapoanza kuumwa kichwa, tumbo kuvuruga, na kuamka saa nane usiku bila kupata usingizi tena.

Wala sisemi sala haisaidii. Inasaidia sana, na nawahimiza wagonjwa wangu wasiiache. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza kwamba wanaosali rozari kwa Kilatini pumzi zao zilishuka hadi karibu 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakapata mpangilio mzuri zaidi. Kwa kawaida mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20. Kwa hiyo anayevuta tasbihi naye asikimbize. Atamke polepole, aachie pumzi ndefu. Tena msikiti na jumuiya vina watu watakaokuulizia usipoonekana, na upweke ni mbaya kwa mwenye mawazo. Lakini ukiwa umekosa furaha karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, kazi hazikuvutii, hula, hulali, hiyo yaweza kuwa sonona, na sonona ina matibabu. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Anayetamka kujiua apelekwe siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake. Mashehe na mapadri, nawaomba: mwombeeni, kisha msindikizeni.

Dhana nyingine ninazozisikia ni hizi. "Swala tano ni mazoezi tosha." Swala ni ibada. Rakaa 17 za faradhi kwa siku zinanyoosha magoti na mgongo, jambo jema hasa kwa wazee, lakini moyo haupati kazi ya kutosha humo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Ni dakika 30 kwa siku 5.

Ushauri wangu kwa kila mtu ni huu, na sitaacha kuurudia: ukitoka swala ya alfajiri usirudi kitandani. Tembea. Wa Shangani ashike njia ya ufukweni, wa Mikindani afuate ghuba, wa Newala ana baridi ya asubuhi na miteremko ya kumtosha. Anayetoka misa ya asubuhi naye apite njia ndefu. Mwanga wa asubuhi unaiweka sawa saa ya mwili, na usiku usingizi unakuja kwa wakati wake.

"Mazoezi ni ya watu wa jimu." Hapana. Kulima kwa jembe kunahesabiwa, kuchota maji kunahesabiwa. Anayenitia wasiwasi ni dereva, muuza duka na karani wa chama cha msingi wanaokaa kutwa.

"Kuwa na moyo mchangamfu ni kunyamazia shida." Zaburi zimejaa malalamiko kwa Mungu. Deni halipungui kwa kutabasamu. Liandike, mweleze mwenzi wako, pangeni nani alipwe kwanza.

"Uraka unaondoa mawazo." Uraka, yaani pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho, unakulaza, kisha usiku wa manane usingizi unakatikakatika, na presha inapanda. Gongo ya mabibo ni mbaya zaidi.

"Nimeombewa, nimeacha vidonge." Presha haiumi mpaka siku ya kiharusi, kwa hiyo kujisikia vizuri hakukuambii kitu. Ukiombewa, mshukuru Mungu, endelea na dawa, halafu njoo na pakiti yako tupime kabla hujaacha hata kidonge kimoja.