Fundi Asikutolee Themostati: Trekta Nalo Linahitaji Joto Lake

Juni na Julai, huku Njombe na Makete, asubuhi unakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi na vidole havishiki spana. Ndio msimu ambao wakulima hutuletea malalamiko yaleyale: trekta linatoa moshi mweupe, halina nguvu mpaka saa nne, na dizeli inakwisha upesi. Kabla sijagusa betri wala pampu, huwa nauliza kwanza: themostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, ipo?

Mara nyingi haipo. Fundi aliitoa zamani akisema kifaa hicho ni cha nchi za baridi, kwetu kinachemsha injini bure. Mwenye trekta akaamini, maana geji ya joto haikupanda tena.

Nilipochomoa kijiti cha oili kwenye trekta moja la namna hiyo, oili ilikuwa imepita alama ya juu, nyepesi, inanuka dizeli. Chini ya kifuniko cha kujazia oili kulikuwa na ute wa rangi ya chai ya maziwa. Mwenyewe alikuwa akijisifu kwamba injini yake haili oili. Kumbe dizeli ilikuwa inajaza pengo, na injini inasagika kimyakimya.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Mafuta huwaka kwa sababu hewa imebanwa ndani ya silinda mpaka ikapata moto mkali. Kuta za silinda zikiwa baridi hunyonya joto hilo, na sehemu ya dizeli inabaki haijaungua. Hiyo huosha oili kwenye kuta, hupita kwenye ringi za pistoni na kushukia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Tena kila lita ya dizeli inayoungua hutoa takriban lita moja ya maji katika hali ya mvuke. Injini ikiwa na moto wake, mvuke huo hutoka. Ikiwa baridi, sehemu yake hugeuka maji humo ndani, yakachanganyika na salfa ya mafuta yakawa tindikali inayokula vyuma.

Themostati ni kilango tu chenye kidonge cha nta. Maji yakiwa baridi, kilango hujifunga, maji yazunguke ndani ya injini bila kwenda kwenye rejeta. Nta ikiyeyuka hutanuka na kusukuma kilango kifunguke, kwa injini nyingi za trekta kuanzia nyuzi 82 hivi. Ukikitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na kwa baridi ya Kitulo injini haipati joto siku nzima. Na kuna injini ambazo themostati hiyohiyo, ikifunguka, huziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Bila themostati, maji ya moto hurudi kwenye injini pasipo kupoa, na trekta linachemka likiwa kwenye jembe. Yaani kile alichokiogopa fundi ndicho alichokileta.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, kisha washa moto. Ikiwa imeachama kabla maji hayajapata joto, ni mbovu. Maji yakichemka nayo bado imefumba, ni mbovu pia. Kule juu Kitulo maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, lakini bado yanatosha kuanza kuifungua themostati ya nyuzi 82.

Asubuhi, kama trekta lako lina kipasha hewa, shikilia funguo kwenye kituo chake sekunde 15 hadi 20 kabla ya kupiga stata, na usipulize itha, ile dawa ya kopo ya kuwashia injini, kamwe kwenye injini ya namna hiyo, inaweza kulipuka. Usikoke moto chini ya sampu. Likishawaka, liache dakika chache, kisha anza kazi nyepesi, kwa sababu injini ya dizeli ikinguruma bure nusu saa haipati moto. Jembe lisubiri mshale wa geji ya joto upande. Boksi mbele ya rejeta linasaidia, ila liondoe kabla ya kazi nzito. Na weka kulanti, yaani maji yenye dawa ya kuzuia kuganda, si maji matupu: maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi, na bloku hupasuka.

Unapoirudisha themostati, upande wa kidonge uelekee ndani ya injini, gasketi iwe mpya, na kama ina kitundu kidogo cha hewa, kikae juu. Jaza kulanti polepole, funga kifuniko, washa, kisha shika bomba la juu la rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Litakaa baridi kwa dakika kadhaa. Halafu mara moja utalisikia limepata moto mkononi: kilango kimefunguka.