Mlio wa klachi na mlio wa giaboksi: pedali ndiyo inayotenganisha

Gari la gia za mkono likianza kulia sehemu ya chini mbele, hukumu ya haraka gereji huwa "klachi imekwisha". Pengine ni kweli. Lakini klachi iliyokwisha kwa kawaida hailii sana, inateleza: unapanda mlima, unakanyaga mafuta, injini inapaa lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Mlio ni jambo jingine. Mara nyingi unatoka kwenye beringi au kwenye meno ya gia, si kwenye pleti ya klachi yenyewe. Asiyetenganisha mambo haya mawili hununua seti nzima ya klachi, akalipia kushusha giaboksi na kuirudisha, kisha akaondoka na mlio wake uleule.

Kinachosaidia ni kujua pedali inafanya nini hasa. Injini inazungusha flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma yake. Pleti ya klachi, iliyobanwa kati ya flaiwili na presha pleti (sahani yenye springi inayoibana), inaupeleka mzunguko huo kwenye shafti inayoingia giaboksi. Gari likiwa limesimama, gia iko fri na mguu hauko kwenye pedali, shafti hiyo inazunguka muda wote injini inapowaka, pamoja na shafti ya pili iliyo chini yake na gia zinazoshikana nazo. Ukikanyaga pedali mpaka mwisho, pleti inaachiwa na shafti ya kuingia hupungua mwendo hadi kusimama. Papo hapo kitu kingine kinaingia kazini: rilizi beringi, ile inayosukuma vidole vya presha pleti. Yaani mguu mmoja unazima upande mmoja na kuwasha mwingine. Kazi yako ni kujiuliza, wakati huu mlio unaposikika, ni nini kinachozunguka?

Basi egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima redio na feni, weka fri, acha injini iungurume bila kuongeza mafuta. Afadhali gari liwe limeshatembea kidogo, kwa sababu oili ya giaboksi ikiwa baridi ni nzito na huficha milio midogo. Sikiliza ukiwa umeachia pedali, kisha ikanyage polepole.

Mlio ukiwepo ulipoachia na ukanyamaza ulipokanyaga, mtuhumiwa yumo ndani ya giaboksi: mara nyingi beringi ya shafti ya kuingia au za ile shafti ya pili, hasa kama ni mvumo wa kusaga unaopanda ukiongeza mafuta. Ikiwa ni kugongagonga kwepesi tu, kama njugu kwenye bati, huenda ni nafasi ya kawaida kati ya meno ya gia. Magari mengi hufanya hivyo maisha yao yote.

Ukipata kinyume chake, yaani kimya ukiachia na mlio wa kukereza ukikanyaga, shuku rilizi beringi. Dalili yake nzuri zaidi hupatikana mwanzo kabisa wa kukanyaga: weka uzito kidogo tu wa mguu, pale pedali inapoanza kugusa, na mlio utabadilika hapohapo. Kwenye baadhi ya magari beringi hii inagusa presha pleti kidogo wakati wote, kwa hiyo inaweza kunong'ona hata hujakanyaga. Bado itabadilika sauti ukiigusa. Dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali safari nzima, tabia utakayoiona sana kwenye daladala, anaifanyisha beringi hii kazi bila sababu.

Kuna mwenzake anayesahaulika: beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, inayoshika ncha ya shafti ya kuingia. Utaikuta zaidi kwenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama pikapu nyingi. Hii huwa na kazi pale injini inapozunguka na shafti imesimama. Kwa hiyo hulia zaidi ukiwa umekanyaga klachi na kuweka gia, gari likiwa limesimama kwenye foleni.

Pedali ikilia kwiii hata injini ikiwa imezimwa, usiende mbali. Ni bushi za pedali, au uma wa klachi (ule unaosukuma rilizi beringi) umekauka grisi.

Kukwaruza wakati wa kuingiza gia nako husingiziwa vibaya. Ikikwaruza gia moja tu, tuseme ya pili unaposhuka kutoka ya tatu, ringi ya sinkronaiza ya gia hiyo, ile pete inayosawazisha mwendo wa gia na shafti kabla hazijashikana, imelika. Zikikwaruza zote, klachi haiachii sawasawa: hewa kwenye bomba la oili ya klachi, silinda inayovuja, au kebo iliyolegea. Rivasi ni kipimo kizuri hapa, kwa kuwa kwenye giaboksi nyingi haina sinkronaiza. Kanyaga mpaka mwisho, hesabu sekunde chache shafti isimame, ndipo uingize. Bado inakwaruza? Klachi inaburuta. Lakini ule mvumo wa rivasi unaposogea nyuma usikutie hofu, meno yake mara nyingi yamekatwa wima na ndiyo asili yake.

Halafu kuna milio inayosikika gari likitembea tu. Ikiwa unavuma kwenye gia moja, tazama gia hiyo. Ikiwa unavuma kwenye zote, na hautoki hata ukikanyaga klachi na kuweka fri gari likiwa linaserereka kwenye barabara tambarare isiyo na magari, ondoka kwenye klachi kabisa. Sasa ni beringi za shafti ya kutokea, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), au beringi za magurudumu. Za magurudumu hujitaja zenyewe: sauti hubadilika ukikata kona upande mmoja. Injini usiizime ukiwa mwendoni kwa ajili ya majaribio haya. Breki na usukani vitakuwa vizito.

Kabla ya kukubali kushusha chochote, ona oili. Kwenye giaboksi nyingi kipimo chake ni tundu la kujazia ubavuni: oili ifike ukingo wa chini wa tundu. Fundi afungue nati ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia; ya juu ikigoma kufunguka baada ya kumwaga, gari limekwama hapo. Kwenye nati ya kumwagia yenye sumaku, tope jembamba jeusi ni la kawaida. Chembe za njano ni ringi za sinkronaiza zinazolika. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno au beringi, na hapo hakuna cha kusubiri, maana beringi ikiachia, shafti inayumba na kuanza kula gia zilizokuwa nzima. Oili mpya chagua ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ikidai GL-4, usijaze GL-5 (haya ni madaraja ya oili ya gia) kwa kuona namba kubwa. Baadhi ya GL-5 hushambulia shaba ya zile ringi.

Na ikibidi kushushwa, hata kama tatizo ni rilizi beringi peke yake, mimi ningebadilisha pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja kama vimeshatumika sana, na ningetazama sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili ya injini isitoke upande wa klachi, kama inavuja. Ufundi wa kushusha na kupandisha unalipwa uleule.