Kukaa mjini Kigoma: yanayosemwa na yaliyopo

Muulize mtu wa Kigoma anakaa wapi. Atakutajia Mwanga, Gungu, Katubuka, Bangwe au Ujiji. Ni nadra akujibu kwamba anakaa mjini, kwa maana ya pale chini, kati ya stesheni ya reli, bandari na maduka ya Barabara ya Lumumba. Mjini mtu hushuka asubuhi kutafuta riziki, jioni akapandisha kwake. Ukisema pale pangeweza kuwa mtaa wa kuishi, tena wa kugombaniwa, watu watakucheka, na sababu zao zitafanana kama zimekaririwa. Nyingi hazina mashiko. Moja mbili zinayo, ila si kwa namna zinavyosemwa.

"Mjini ni pa biashara, hapajawahi kuwa pa kuishi"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana historia yenyewe inaikanusha. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914. Kabla ya hapo mji mkubwa wa upande huu wa Ziwa Tanganyika ulikuwa Ujiji, na huko mfanyabiashara alilala palepale alipofungulia mizigo yake. Mji wa reli ulipangwa kikoloni, kama miji mingine ya nchi hii: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, kila watu na upande wao. Lakini hata katika ramani hiyo ya ubaguzi, Uhindini duka lilikuwa mbele au chini, na familia nyuma au juu. Mwenye duka alifunga milango, akapanda ngazi, akawa amefika nyumbani.

Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilichukuliwa nchi nzima zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ofisi ambayo mwaka 1990 iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi za Kihindi ziliondoka nchini miaka hiyo. Katika miji ya mikoani vyumba vya juu vilipata wapangaji wapya, vingine vikawa ofisi, vingine stoo. Na stoo ikikolea haiondoki, kwa sababu mwenye jengo anapiga hesabu yake: gunia la sukari halilalamikii maji, halidai choo kizibuliwe, halichelewi kulipa kwa sababu ya ada ya shule.

Kwa hiyo swali la kama mjini panaweza kuwa pa kuishi limekaa vibaya. Palikuwa pa kuishi, pakahamwa. Tujiulize kilichowahamisha watu kama bado kipo.

"Ofisi ikikosa wapangaji, igeuze nyumba"

Dhana hii inatoka upande wa pili, kwa wanaoona kila jengo tupu ni fursa. Mfano unaotajwa sana ni kusini mwa Manhattan, New York, eneo la Wall Street. Ni kweli pale paligeuka. Mwaka 1995 ulianzishwa mpango wa msamaha wa kodi kwa wenye majengo wanaobadili ofisi kuwa makazi, na tangu mwaka 2001 idadi ya wakazi imeongezeka mara kadhaa. Melbourne nayo, kuanzia mwaka 1992, halmashauri ilivuta watu warudi kuishi katikati ya jiji kwa mpango wa makusudi.

Kinachorukwa katika simulizi hizo ni kwamba si kila jengo linakubali. Ofisi za kisasa hujengwa nene. Ukisimama katikati ya sakafu, dirisha liko mbali, na taa na kiyoyozi ndivyo vinavyofanya kazi ya jua na upepo. Chumba cha kulala kinataka dirisha lake. Ukiligawa jengo kama hilo utapata vyumba vizuri pembeni na giza katikati. Yaliyogeuka kwa urahisi zaidi kule New York ni majengo ya kale, membamba, yenye madirisha mengi, yaliyojengwa kabla ya viyoyozi kuenea.

Hapa ndipo Kigoma inapoishinda miji iliyotutangulia. Sisi hatuna minara ya vioo ya kutuumiza vichwa. Jengo la zamani la mjini lina ghorofa moja juu ya fremu za maduka, upana wa vyumba viwili vitatu, madirisha mbele na uani, na upepo wa ziwa unapita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa umbo, ni nyumba tayari.

Tatizo liko kwenye mabomba. Ofisi au stoo ya ghorofa nzima inatosheka na choo kimoja cha pamoja. Familia tatu zikikaa juu, kila moja inataka jiko lake, bafu lake na mahali pa kufulia, na majitaka yote hayo yashuke kwenye chemba iliyochimbwa uani miaka mingi iliyopita kwa ajili ya ukoo mmoja. Maji safi yanatoka ziwani, yanasukumwa kupanda mlima. Presha ikipungua, bomba la chini linadondosha na la juu linakoroma tu. Bila tangi na pampu, mpangaji wa ghorofani atakuwa mbeba ndoo wa ngazi. Umeme angalau umepungua kuwa hoja: enzi za majenereta ya dizeli mji ulizoea giza, lakini sasa Kigoma imeunganishwa na gridi ya taifa. Ngazi nayo iangaliwe. Nyumba yenye ngazi moja tu, ya mbao, chini yake duka la magodoro, juu yake mitungi ya gesi, mimi siipangi hata kwa nusu bei.

Halafu kuna karatasi. Kiwanja kilichoandikwa cha biashara hakiwi cha makazi kwa kuweka vitanda. Kubadili matumizi kunaombwa kwa mamlaka ya mipango miji, na ukarabati wa namna hii unahitaji kibali cha ujenzi cha manispaa. Wengi huanza na fundi, kibali baadaye, wakashangaa kuona alama ya X ukutani.

"Huwezi kumiliki ghorofa bila kumiliki kiwanja"

Unaweza. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu yake, huku ngazi, paa na uwanja vikiwa vya wote chini ya chama cha wamiliki. Ugumu ni huo usimamizi wa pamoja: paa likivuja, wa chini atasema halimhusu.

"Kelele zitawashinda"

Inategemea kelele gani. Soko na makuli hupiga kelele mchana, wakati wengi wako kazini, na jioni wanafunga. Baa yenye spika nje ndiyo inayonyima watoto usingizi, na baa za namna hiyo zimejaa Mwanga na mitaa mingine tunayoiita ya makazi. Kwa kweli kinachowatisha wengi mjini usiku ni ukimya: maduka yamefungwa, hakuna taa wala mtu wa kumwitikia. Ukimya huo unatokana na kukosa wakazi. Mtaa wenye madirisha yanayowaka saa tatu usiku una walinzi wasiolipwa, na muuza chipsi akiona madirisha hayo atakuja mwenyewe.

"Kodi ya mjini ni ya matajiri"

Kodi peke yake, pengine. Lakini weka nauli mezani. Tuseme mume na mke wote wanafanya kazi mjini, na bodaboda kutoka kwao ni shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni shilingi 104,000 kwa mwezi, kabla ya mtoto wa shule na kabla ya siku ya mvua ambapo bei inapanda. Chumba cha mjini kinachozidi cha mlimani kwa shilingi 60,000 kinakuwa nafuu. Kinachowazuia watu wa kipato cha kati ni kudaiwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Anayeweza kutoa 1,000 kila asubuhi si lazima awe na 900,000 mkononi.

Wanaosema basi tujenge mapya ufukweni wasome sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya 2020 na 2021, wenye mali karibu na maji walielewa mita hizo ni za nini. Nyuma kuna mlima. Nafasi iliyobaki ni ile iliyokwisha jengwa.

"Pakipendeza, wote tumefaidi"

Wenye majengo watafaidi, hilo halina ubishi. Wenye fremu chini watapata mteja wa jioni, anayenunua mkate na vocha baada ya ofisi kufungwa. Lakini sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilishafutwa, na mtaa ukianza kusifiwa mwenye nyumba hana baraza la kumzuia kupandisha. Wa kwanza kusukumwa watakuwa fundi cherehani wa barazani, mama lishe wa uani, na mzee aliyepanga chumba cha nyuma tangu ujana wake. Manispaa ikitaka watu warudi mjini ina la kufanya mapema: vibali vya ukarabati vifungamane na mikataba ya maandishi ya miaka kadhaa kwa wapangaji waliopo, na mama lishe apewe eneo lake kwenye mchoro kabla ya rangi mpya kupakwa. Mchoro ukishapitishwa bila yeye, mgambo ndiye atakayemjibu.