Makato yakikoma, mkopo wa HELB haujasimama

Juzi kijana mmoja aliniwekea simu mezani, taarifa ya mkopo wake wa HELB, bodi ya Kenya ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ikiwa wazi. Aliachishwa kazi Industrial Area mwishoni mwa Februari. "Kaka, makato yalikoma pamoja na mshahara, nikajua na mkopo umepumzika," akaniambia. Kumbe kila mwezi ulikuwa na mstari wake: faini, shilingi 5,000. Mistari saba.

Kazi yangu ni kushauri watu kuhusu madeni, na kosa hili linaniuma kwa sababu barua moja kwa bodi ingelizuia. Mwajiri ndiye hukata mshahara na kuwasilisha pesa kwa bodi. Ukishatoka kazini mzigo unarudi kwako, na bila kuambiwa, bodi haiwezi kujua kama umefutwa au umegoma kulipa. Muda wa kupumua unaokuja wenyewe ni ule mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Baada ya hapo nafuu huombwa, na bodi ndiyo huamua.

Fanya hesabu. Deni la 180,000 kwa riba ya asilimia 4 linazaa 7,200 kwa mwaka, yaani 600 kwa mwezi. Faini ya 5,000 kila mwezi ni 60,000 kwa mwaka, theluthi nzima ya deni! Riba utaivumilia. Faini itakumaliza.

Ndiyo maana mimi hupendelea mtu aombe kupunguziwa malipo ya kila mwezi kabla ya kuomba kuyasimamisha kabisa. Ukikubaliwa kulipa hata 1,000 kutoka kwa vibarua, riba imelipwa na deni limepungua kidogo. Kama huna chochote, sema hivyo kwenye barua yako, na utaje unaomba miezi mingapi. Ambatisha barua ya kuachishwa kazi na taarifa ya benki ya miezi mitatu. Aliyerudi chuoni aambatishe barua ya udahili. Ipeleke barua yako mwenyewe Anniversary Towers, jijini Nairobi, ziliko ofisi za HELB, na usiondoke kabla nakala yako haijapigwa muhuri. Nimeona watu wakibishana kwa mdomo tu kwamba "nilipiga simu", bila karatasi yoyote.

Tena usingoje jina lifike CRB, wanakowekwa kwenye rekodi wasiolipa mikopo, maana hapo hata mkopo mdogo wa kuanzisha biashara unakuwa shida.

Kwa faini zilizokwisha kurundikana, HELB imewahi kutangaza msamaha kwa wanaolipa deni kwa mkupuo. Uliza kama upo, lakini usikae ukiungoja, kwa maana kila mwezi wa kungoja una 5,000 zake.

Pia linganisha taarifa ya mkopo na hati zako za mshahara. Wako waajiri wanaokata na wasiwasilishe. Mstari wa kwanza wa yule kijana ulikuwa wa Februari, ilhali hati yake ya mwezi huo inaonyesha alikatwa. Huo tumeuandikia barua yake peke yake, hati ikiwa imebanwa nyuma.