Fokasi ya kibodi: wanavyodhani waandishi wa programu, na ilivyo kwetu tusioona

Nafanya hesabu za duka la vipuri hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Sioni. Kompyuta naitumia kwa kibodi na NVDA, kisoma skrini cha bure alichokianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006, naye pia haoni. Kwangu fokasi ndipo niliposimama: kila ninachobonyeza hufanya kazi hapo.

"Kila kitu kifikiwe kwa Tab." Nia ni njema, lakini sivyo. Tab, kitufe cha kibodi kinachopeleka fokasi kwenye kitu kinachofuata, ni ya vitu vya kutendea: sehemu za kuandika, vitufe vya skrini, orodha. Maandishi matupu NVDA ina njia zake za kuyasoma bila kuhamisha fokasi. Ukiweka kituo cha Tab kwenye kila lebo, kufika "Hifadhi" kunakuwa kama kupanda matatu inayosimama mlango kwa mlango hadi Bamburi. Hata kundi la chaguo la "taslimu, benki, mkopo" lataka kituo kimoja tu. Ndani yake natembea kwa mishale.

"Ujumbe ukitokea, mhamishie mtumiaji hapo." Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Naandika bei ya pedi za breki, 4500. Nimefika 45, ujumbe wa "nakala imehifadhiwa" unaninyang'anya fokasi. Sufuri mbili zinapotelea huko, na Enter yangu inajibu swali nisilolisikia. Mteja yuko mbele yangu anasubiri risiti. Kumbe Windows ina njia ya programu kutuma taarifa, kisoma skrini kikaisema, nami nikabaki nilipo. Fokasi ihamishwe pale tu kazi isipoweza kuendelea bila jibu langu.

"Dirisha likifungwa, fokasi itajirudia yenyewe." Kwa madirisha ya kawaida ya mfumo, mara nyingi ndiyo. Ulilolichora mwenyewe, irudishe wewe, kwenye kitufe kilekile kilicholifungua. Nikifuta mstari wa orodha, nipeleke mstari unaofuata. Ukiwa ndio wa mwisho, uliotangulia. Na tafadhali, usikizime kitufe cha "Hifadhi" wakati bado nimesimama juu yake. Hamisha fokasi kwanza, kisha kizime. Wengi hawalijui hili, na ndilo hutuacha hewani.

"Mpangilio wa machoni ndio wa Tab." Si lazima. Windows Forms, zana ya Microsoft ya kuundia programu za Windows, hufuata namba za TabIndex, zinazopanga zamu ya kila kitu kufikiwa kwa Tab. Sanduku la kuandikia namba ya simu uliloliongeza mwisho litafikiwa mwisho, hata ukiliburuta hadi juu kabisa.

"Kuyajaribu haya kwataka mtaalamu." Weka NVDA, chomoa kipanya, zima skrini, kisha toa risiti moja tangu jina la mteja hadi kuchapisha. Popote utakapobonyeza Tab usisikie kitu, weka kumbukumbu ya pahali hapo na uanze kurekebisha.