Amplifaya ya valvu inavuma? Sikiliza kwanza, bisibisi baadaye

Kijana mmoja aliniletea amplifaya ndogo ya hedifoni, ya valvu tatu (taa za kioo zinazokuza sauti), aliyopewa na shangazi yake anayeishi Marekani. Ilifika Dar es Salaam salama, hakuna kilichovunjika. Akanunua stepdaun ya kushusha umeme wetu hadi volti 120, akachomeka, akavaa hedifoni, na chini ya muziki akakuta mvumo usiokoma. "Fundi, kwa shangazi ilikuwa kimya kabisa. Nimempigia simu kumuuliza." Kabla ya kufika kwangu ilikuwa imepita kwa fundi mwingine, akabadilisha kapasita zote kubwa za pawa, zile zinazohifadhi na kutuliza umeme unaolisha amplifaya. Lehemu yake ilikuwa safi, kazi ya mtu anayejua. Mvumo ukabaki vilevile.

Hili ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Amplifaya ikivuma tu, mkono unakwenda kwenye kapasita. Ni kweli kapasita huchakaa, lakini mvumo una milango mingi ya kuingilia, na kila mlango una sauti yake. Dakika kumi za kusikiliza kabla ya kufungua kifuniko zinaokoa siku nzima ya kulehemu.

Niseme la usalama mapema. Ndani ya vyombo hivi kuna volti 150 hadi 300 za umeme mnyoofu (DC), na kapasita hubaki nazo hata ukichomoa plagi. Mimi nina rezista ya kiloomu 10 ya wati 5 iliyofungwa kwenye nyaya mbili zenye klipu. Nachomoa umeme, naishikiza kwenye kapasita, nasubiri nusu dakika, kisha napima kwa mita mpaka nione iko chini ya volti chache. Ndipo naingiza mkono. Na wakati wa majaribio hedifoni haikai kichwani. Amplifaya nyingi za aina hii hazina transfoma ya kutokea, kinachozuia umeme mkubwa usifike masikioni ni kapasita moja tu. Naitumia hedifoni ya bei ndogo, nailaza mezani na kuinamia kuisikiliza.

Swali la kwanza ninalouliza ni hili: unatumia hedifoni gani? Chukua milivolti 1 ya mvumo kwenye tundu la kutokea. Hedifoni ya omu 300 yenye unyeti wa dB 97 (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati moja itaigeuza kuwa sauti ya dB 42 hivi. Kwa mlio wa 50 Hz, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, sikio la kawaida huanza kusikia karibu na dB 44, kwa hiyo hutasikia kitu. Sasa chomeka vile vidogo vya kuingiza sikioni, vya omu 32 na dB 110. Milivolti ileile inakuwa dB 65, na huwezi kuikosa. Wapo watu wanaonibebea amplifaya nzima wakati kilichobadilika ni hedifoni. Kwao sifungui hata skrubu moja. Nawaeleza hesabu hii na tunasikiliza pamoja kwa hedifoni mbili.

Baada ya hapo nashika volyumu. Naishusha hadi mwisho. Mvumo ukipotea, unatoka nje au kwenye waya za kuingilia. Usipotikisika kabisa, uko baada ya volyumu: pawa, hita za valvu (nyuzi zinazoipasha valvu moto), au uga wa sumaku wa transfoma. Na ukiona unakuwa mkubwa zaidi volyumu ikiwa katikati kuliko ikiwa juu kabisa, hiyo ni alama nzuri sana. Katikati ndipo ukinzani unaoonekana na gridi (mlango wa sauti kuingia kwenye valvu) ya valvu ya kwanza unakuwa mkubwa, na waya wa gridi unaokota umeme wa hewani kama antena. Dawa yake ni waya mfupi wenye gamba la wavu, gamba likiungwa ethi (ardhi) upande mmoja, na mwili wa chuma wa volyumu nao uungwe.

Kisha kimo cha mlio. Umeme wetu ni wa 50 Hz. Ukipita kwenye rektifaya ya dayodi nne, inayougeuza kuwa mnyoofu, mawimbi yanayobaki yanakuwa ya 100 Hz. Hii ndiyo hatua inayogawa kazi nzima mara mbili. Mvumo wa 50 Hz ni mzito na wa duara, "vuuu", na chanzo chake huwa hita, sumaku ya transfoma, au mzunguko wa ethi. Wa 100 Hz una makali, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, na unatoka kwenye pawa. Kama sikio lako bado linachanganya, mtafute mpiga besi. Waya mwembamba kuliko zote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unalia 98 Hz, karibu kabisa na mlio wa pawa. Waya mnene ukibonyezwa kizuizi cha tatu unatoa 49 Hz. Nilijifunza hivyo kwa mteja wangu mmoja wa bendi, akaja na besi yake dukani, akapiga noti moja tu, akaniambia, "Hii hapa." Tangu siku hiyo sihitaji osiloskopu, kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme, kwa hatua hii.

Mzunguko wa ethi unapimika haraka. Ikiwa muziki unatoka kwenye laptopu, chomoa chaja yake. Mvumo ukikatika hapohapo, amplifaya yako ni nzima. Laptopu na amplifaya zimeungwa ethi mara mbili, mara moja kupitia plagi za ukutani na mara ya pili kupitia waya wa sauti, na umeme mdogo unazunguka katika duara hilo. Chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja, duara linapungua. Ikishindikana, weka transfoma ndogo ya sauti kati yao. Ndani ya amplifaya, ukiwa mjenzi, weka rezista ya omu 10 kati ya ethi ya sauti na mwili wa chuma, huku mwili wa chuma wenyewe ukibaki umeungwa imara na pini kubwa ya plagi.

Naomba hapa nisikilizwe vizuri. Kuna mafundi wanaokata waya wa ethi ndani ya plagi, mvumo unaisha, wanalipwa, wanaondoka. Chombo hicho sasa kina sanduku la chuma, transfoma inayozeeka, na mtu aliyevaa hedifoni iliyounganishwa nacho. Siku insulesheni ya transfoma ikichoka, umeme hauna njia nyingine ila mwili wa mtu huyo. Nimefungua plagi nyingi zilizokatwa hivyo, na kila moja naiunga tena kabla ya kugusa chochote kingine, hata kama mwenyewe hakuomba. Wakati huohuo mwambie mteja apimiwe ethi ya nyumba yake. Soketi nyingi zetu zina tundu la tatu lisilokwenda popote.

Kama mlio ni wa 100 Hz, nenda kwenye pawa. Hesabu yake ni rahisi. Amplifaya inayokula miliampia 40 ikiwa na kapasita ya kwanza ya maikrofaradi 100 itabaki na mawimbi ya volti 4 hivi kutoka kilele hadi bonde. Ukiongeza rezista ya omu 470 ya wati 3 na kapasita nyingine ya maikrofaradi 100 baada yake, mawimbi yanapungua karibu mara 30, yanabaki kama volti 0.13. Utapoteza volti 19 hivi za umeme mnyoofu kwenye rezista, jambo ambalo amplifaya nyingi zinalivumilia.

Lakini kuna ugonjwa mmoja wa 100 Hz ambao hautibiki kwa kapasita hata uziweke debe, nao uko kwenye njia ya waya. Kapasita ya kwanza haijazwi kwa utaratibu kama ndoo chini ya bomba. Inajazwa kwa mishtuko, dayodi zikifunguka kwa muda mfupi sana kwenye kilele cha kila wimbi. Kwa hiyo wastani wa miliampia 40 unaweza kupita kama mishtuko ya miliampia 300 au zaidi. Chukua sentimita 30 za waya wa milimita 0.75 za mraba: zina karibu omu 0.007. Mshtuko wa miliampia 300 ukipita humo unaacha milivolti 2. Kama fundi ameunga ethi ya soketi ya kuingizia muziki kwenye kipande hichohicho cha waya, zile milivolti 2 zinaingia kwenye gridi kama muziki, zinakuzwa mara 10, na masikioni zinafika milivolti 20 za nyuki.

Kwa hiyo hasi ya rektifaya iende moja kwa moja kwenye mguu wa hasi wa kapasita ya kwanza, isiguse mahali pengine njiani. Kutoka mguu huo, waya mwingine uende kwenye kapasita ya pili, na ethi ya muziki ianzie huko, mahali palipotulia. Niliwahi kukuta amplifaya ambayo hasi ya rektifaya ilikuwa imelehemiwa sentimita 5 tu kutoka mahali pake, kwenye upande usiofaa wa kapasita. Nikaisogeza waya hiyo moja. Sikununua kifaa chochote, na ikanyamaza.

Kwa 50 Hz ninaanza na valvu. Naibadilisha ya kushoto ikae kulia. Mvumo ukihama nayo, valvu imeanza kuvujisha umeme kutoka kwenye hita kwenda kwenye kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni), na haitengenezeki. Usipohama, naangalia hita. Waya zake zisokotwe kwa kubana, zilale kwenye pembe ya chesisi (sanduku la chuma), na katikati ya umeme wake paungwe ethi, hata kwa rezista mbili za omu 100. Ukitaka kwenda mbali zaidi, inua katikati hiyo kwa volti 30 au 40 juu ya ethi. Hita inaacha kurusha elektroni kuelekea kathodi.

Kujua kwa hakika kama hita ndiyo yenye kosa, mimi natumia betri ya bodaboda. Betri ya volti 12 iliyojaa vizuri inasoma takribani volti 12.6, na valvu ya 12AU7 inataka volti 12.6 hasa kati ya pini ya 4 na ya 5, pini ya 9 ikiachwa wazi. Inakula miliampia 150 tu. Natenga waya za hita za transfoma, naunga betri, nasubiri ipate moto. Umeme wa betri hauna mawimbi. Kama mvumo bado upo, hita haina kosa, na hakuna haja ya kuibishia.

Ile amplifaya ya kijana ilipita yote haya. Volyumu haikubadilisha kitu. Mlio ulikuwa wa 50 Hz, mzito na wa duara, na hapo tu ilionekana kwamba kapasita mpya zisingesaidia. Haikuwa imeunganishwa na laptopu. Nikaunga gridi ya kwanza na ethi kwa waya mfupi, bado inavuma. Nikaweka betri, bado. Nikachukua koili ya rilei (swichi ya sumaku) iliyokufa, niliyoiunganisha na spika ndogo ya betri, nikaipitisha juu ya chesisi. Karibu na transfoma ya pawa ilinguruma kama lori linalopanda mlima, na ngurumo hiyo ilifika hadi kwenye soketi ya 12AU7.

Nikageuza transfoma kusoma kibandiko. Kiliandikwa 120V 60Hz, basi. Transfoma zinazouzwa dunia nzima huandikwa 50/60Hz, hii ilikuwa ya nyumbani kwao. Stepdaun inashusha volti, haibadilishi Hz. Na chuma cha transfoma hakijali volti peke yake, kinajali volti zikigawanywa kwa Hz. Volti 120 kwa 60 ni 2. Stepdaun ya kijana ilikuwa ikitoa 118, na 118 kwa 50 ni 2.36. Chuma kilibebeshwa sumaku asilimia 18 zaidi ya kilivyopangiwa, kikashiba, na sumaku iliyozidi ikamwagika nje na kuingia kwenye valvu. Ndiyo maana pia ilikuwa ya moto kiasi kwamba mkono haukai.

Nilifikiria kuilisha volti 100, kwa kuwa 100 kwa 50 inarudi 2 kamili. Lakini hita, ambazo transfoma hiyo ilizilisha volti 6.3 (nusu mbili za hita ya 12AU7 zikiungwa sambamba), zingebaki na 5.25, na valvu inayochemshwa nusunusu haiishi muda mrefu. Nikazima, nikafungua skrubu, nikaiweka transfoma juu ya ubao kwa waya ndefu, mwili wake ukiwa umeungwa ethi, nikawasha tena. Mvumo ukapungua. Nikazima, nikaigeuza robo duara, nikawasha. Ukapungua tena. Hapo nikawa na ushahidi mkononi.

Tulimpelekea msuka transfoma vipimo: volti 230, 50 Hz, chuma kikubwa zaidi kidogo, na upande wa pili volti zilezile za zamani. Ilikaa wiki mbili. Haikutosha kwenye nafasi ya mwanzo, ikabidi nitoboe matundu mapya kwenye kona ya mbali, na nikailaza kwa pembe ile iliyokuwa kimya kuliko zote siku ya ubao. Stepdaun imebaki kwangu dukani, hakuitaka tena. Alipokuja kuchukua alivaa hedifoni yake ya omu 300 bila muziki wowote, akapandisha volyumu hadi juu, akafumba macho. Akakaa hivyo kwa muda, kisha akaomba simu yake apige Marekani.